Kegi Mbili za Crystal na Posa ya Godi

Vijana, mnanichosha. Nasema mapema ili tusije tukaoneana haya. Mmenitumia jumbe za sauti ndefu kama mahubiri, mmenikamata kwenye maegesho ya kanisa hapa Burnsville huku theluji inaniingia viatuni, na wote mna ombi moja: "Mama Godi, tupikie tena ile pombe ya Lakeville." Hakuna aliyesema nimfundishe kupika. Hakuna aliyeuliza nilifanya nini miaka yote ile kwenye chumba cha kegi. Ile ya Lakeville tu. Haya, kaeni niwaeleze ile ya Lakeville ilikuwa kitu gani, halafu mniambie kama bado mnaitaka.

Tuanze na kegi, maana nusu yenu mmeiona kwenye simu tu. Ni mtungi wa chuma kisichoshika kutu, kimo chake kama mtoto anayeanza kusimama dede. Juu una mdomo unaofunguka, na pembeni mwa mdomo kuna vichwa viwili: kimoja cha kuingizia gesi, kingine cha kutolea pombe. Popote chuma kinapokutana na chuma, katikati pana mpira wa duara. Ule mkubwa wa mdomoni unauona. Ile midogo imejificha ndani ya vichwa, na hiyo midogo ndiyo inayoliza watu wazima. Mimi mipira hiyo imenilisha, imenivusha bahari, imemsomesha Godi uuguzi. Siiogopi, lakini sijawahi kuipenda.

Kazi nilianzia Arusha, kiwanda cha bia, kitengo cha kuosha. Fundi wetu alikuwa Shirima, mfupi, mpole, na mwenye pua ambayo ingeweza kulipwa mshahara wake peke yake. Tulikuwa tunasugua kwa brashi na maji ya magadi makali, unatoka na mikono kama ya mtu aliyemenya muhogo mwezi mzima. Ukimaliza, Shirima anapita, anaingiza kichwa kwenye kila mtungi. "Pua kwanza, mama," alikuwa akiniambia. "Macho yanadanganywa na maji ya kusuuzia." Siku moja alinirudishia mtungi mmoja kati ya yote niliyoosha, akasema, "Huu uliuosha ukiwa umekasirika. Upande huu umeuruka." Na kweli asubuhi ile nilikuwa nimegombana na mwenye nyumba. Sijui alinusa uchafu au alinusa ugomvi. Tangu hapo nikawa mtu wa kunusa. Hata leo nikialikwa chakula nanusa kikombe kwanza, watu wanadhani nina dharau.

Nilipohamia huku Marekani, kiwanda cha Saint Paul nilikuta fundi wa namna nyingine. Dale, Mmarekani mrefu, mvuta sigara. Pua yake ilikuwa imeshastaafu kabla yake. Yeye aliamini ndoo ya sabuni. Anaijaza kegi gesi, anapaka povu kila mahali pa kuungana, anakaa kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa, anasubiri. Povu likivimba, pana tundu. Nikamwambia kwetu tunanusa. Akanijibu, "Nusa ukitaka, lakini gesi haina harufu." Nikaona ana hoja. Nikawa nanusa halafu napaka sabuni, kila kegi nikiikagua mara mbili, na vijana wa zamu wakawa wananicheka kwamba mimi nafanya kazi ya watu wawili kwa malipo ya mmoja. Hilo la malipo walikuwa sahihi.

Baadaye ikaletwa mashine. Inaosha, inasuuza, inapima yenyewe, wewe kazi yako kutazama taa ya kijani. Mnataka niseme ilikuwa mbovu? Haikuwa mbovu. Naumia kusema, lakini ilikuwa inaosha kuliko mimi na Shirima tukiungana. Ila ilikuwa haichoki na haipigi soga, na nilipostaafu nilimwambia mume wangu, Baba Godi, kwamba sitaki kuona kegi tena hata kwenye kalenda.

Hapo katikati nilikuwa nikipika ale nyumbani, miaka ile tunakaa kwenye apartment. Ale ni ndugu wa bia mnayoijua, ila nzito zaidi, ya rangi ya kahawia, na haihitaji baridi kali kuchachuka. Niliweka kwenye chupa. Nikaacha, kwa sababu mtu anayeosha mitungi kutwa nzima akirudi nyumbani kuosha chupa anaanza kuichukia familia yake.

Sasa nini kilinirudisha? Posa.

Godi wangu alimpenda Aika, binti wa Mzee Mmari wa Lakeville. Mnamjua Mzee Mmari: alikuja huku kusoma uhasibu, akabaki, na hajawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Nilipokutana naye baada ya ibada, nikamgusia kwamba tunataka kuja nyumbani kwake kwa heshima, akakunja mikono.

"Karibuni sana, Mama Godi. Lakini msinijie na katoni ya dukani. Katoni hata mleta vifurushi anaweza kuniachia mlangoni. Nataka kitu kilichopikwa kwa mkono."

"Mbege?"

"Mimi sijataja jina. Nimetaja mkono."

Nikaenda kufikiri. Mbege naijua, nimezaliwa ndani yake. Ndizi zinapatikana, ulezi upo kwenye maduka ya Wahindi. Shida ya mbege si kuipika. Shida ni kwamba ikiiva imeiva, inataka kunywewa siku hiyo; kesho yake ni kali, keshokutwa ni siki. Na nani hapa Minnesota anaweza kuniahidi Jumamosi? Godi ana zamu hospitali, Aika ana zamu hospitali nyingine, mshenga wetu Mzee Temu anaendesha basi la wazee wikiendi, na juu ya wote kuna theluji ambayo haina adabu. Nilihitaji pombe inayojua kusubiri. Ale ndani ya kegi inasubiri hata miezi. Nikaamua nipike ale, nichanganye kimea cha shayiri na ulezi wa kukaanga, ili Mzee Mmari akinywa akute kwao kwa mbali.

Kegi mpya nilizitazama dukani, nikayarudisha macho mahali pake. Nikampata mzee mmoja wa mji wa Crystal, jina lake Gary, anauza mbili za mitumba pamoja na mtungi wa gesi. Bei siitaji, maana najua mtaanza kunitafutia mahali palipokuwa na nafuu.

Ilikuwa Januari. Gary alifungua gereji, tukasimama mlangoni, pumzi zetu zinaonekana. Nikazizunguka zile kegi, nikagonga, nikageuza, nikahesabu mikwaruzo, nikahesabu tena.

"Hii ina kibonyeo," nikamwambia.

"Kibonyeo hakivuji."

"Hakivuji, lakini kinaonekana. Mimi nitakuwa nakitazama kila siku."

Akapunguza kidogo. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo zana bora ya biashara niliyowahi kumiliki, na Wamarekani hawaiwezi kabisa. Gary akajaza kimya kile kwa kuniongezea mipira miwili mipya ya mdomoni na mpira wa kupitishia pombe. Nikauliza kama zimeoshwa. Akaapa zimeoshwa. Nikafanya kama Shirima: nikaingiza kichwa kwenye kegi ya kwanza, nikavuta pumzi mpaka mwisho. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Safi. Nikalipa, nikaondoka nikiwa nimejipongeza kutoka Crystal mpaka Burnsville.

Mmeona nilipokosea? Shirima alikuwa Arusha. Alinusa mitungi iliyotoka kwenye maji ya moto, ndani ya chumba chenye joto. Mimi nilinusa chuma kilichoganda kwa pua iliyoganda. Kwenye baridi ile hata ungenifungia samaki mbovu mle ndani ningekuambia ni safi. Na mipira ikiganda inashika harufu yake kwa ndani, haitoi hata chembe. Kwa hiyo andikeni hili: kegi ya mitumba inanuswa ndani ya nyumba, baada ya kujazwa maji ya moto na kuachwa mpaka mtu apike ugali na kuula. Siyo gerejini Januari, mkiwa na haraka ya kumshinda Gary.

Nyumbani nikaweka mipira mipya ya mdomoni, ile aliyonipa bure. Ile midogo ya vichwani nikaipaka sabuni ya Dale, haikuvimba, nikasema iachwe. Kitu kinachofanya kazi sikigusi. Nikapika. Ule ulezi wa kukaanga ulitoa harufu mpaka jirani akagonga kuuliza nimeoka mkate gani. Pombe ikachachuka vizuri ndani ya ndoo, ikatulia, nikaihamishia kwenye kegi zote mbili, nikafunga, nikatia gesi, nikaziweka besimenti, chumba cha baridi chini ya nyumba, karibu na tundu la maji la sakafuni. Kumbukeni hilo tundu.

Hapo ndipo akaingia Baba Godi.

Juu ya mdomo wa kegi kuna pini ndogo. Ukiivuta gesi inatoka. Nilikuwa nikishuka asubuhi nakuta gesi imepungua. Napaka sabuni, hakuna povu. Naongeza gesi. Kesho imepungua tena. Nikabadilisha bomba, nikamlaumu Gary, nikamlaumu Gary kwa sauti. Siku moja nikashuka bila viatu nikamkuta mume wangu ameinama, pini mkononi, kegi inapiga mluzi.

"Unafanya nini?"

"Naipa hewa. Pombe isiyopumua inakasirika."

"Hiyo ni mbege, Baba Godi. Hii ni ale. Hii ukiitoa gesi unaiua."

"Mama yangu hajawahi kufunga chombo cha pombe maisha yake yote."

"Mama yako hakuwa na kegi."

"Na pombe yake ilikuwa nzuri."

Ilikuwa nzuri kweli. Nikaizungushia ile pini waya. Lakini madhara yalishafanyika: kwa sababu yeye alikuwa akitoa, mimi nilikuwa nikiongeza, na katika kuongeza kwangu nilipitiliza. Mpira mmoja mdogo, mzee, kwenye kichwa cha kutolea pombe cha kegi ya kwanza, ukashindwa. Pombe ikaanza kutoka taratibu, ikashuka ubavuni, ikaingia kwenye lile tundu la sakafuni bila kuacha hata dimbwi la kunionyesha. Sikujua.

Jumamosi ya kwanza tuliyopanga, Mzee Temu akapewa zamu. Ya pili ikaja theluji mpaka madirishani. Ya tatu kila mtu akawa huru, barabara ziko wazi, na Mzee Mmari amekwisha kutamka mbele ya watu kwamba labda watu wa Burnsville bado wanapika.

Asubuhi ya siku hiyo nikashuka kubeba kegi. Ya kwanza ikanyanyuka kama kikapu kitupu. Ilikuwa tupu. Nikakaa kwenye ngazi. Nikapanda na ya pili, nzito, kamili, nikaiweka jikoni penye joto, nikamimina glasi moja. Rangi nzuri, povu zuri. Nikainua, nikanusa.

Baba Godi akaingia akiwa bado anafunga tai. Akasimama.

"Nani ameumia?"

Maana jiko zima lilinuka dawa ya kuchua. Ile ya kopo dogo, ya wacheza mpira, ya magoti na mgongo.

Sasa niwaeleze, ingawa wengine mshajua. Kegi za namna hii, kabla hazijaja kwa wapika pombe, zilikuwa za watu wa soda. Ile ya pili ilikuwa imebeba ile soda ya Wamarekani wanayoiita root beer, ambayo jina ni bia lakini pombe haimo. Kwetu mtu mzima akiionja mara ya kwanza anauliza kama imetoka duka la dawa. Harufu yake ikishaingia kwenye mpira haitoki, hata uusugue kwa magadi ya Arusha. Mimi mitungi yangu yote ya kazini ilikuwa ya bia toka kuzaliwa kwake. Ya soda sikuwahi kuishika. Ile mipira midogo niliyosema iachwe ilikuwa imeilowekea pombe yangu dawa ya kuchua miezi miwili.

Nikamwambia Godi tuahirishe. Akakaa mezani, suti imemkaa vizuri, akainamisha kichwa.

"Mama, nikiomba kusogeza tena, Aika ataona mimi ndiye sitaki. Tayari baba yake anamwambia hivyo."

"Tupitie dukani basi."

"Alisema katoni tusilete."

"Alisema."

"Basi tubebe hii."

Tukabeba. Njia nzima mpaka Lakeville nimeipakata ile kegi kiti cha nyuma kama mgonjwa.

Nyumba ya Mzee Mmari ilijaa viatu vya theluji mlangoni na watu wazima sebuleni. Vijana walikuwa jikoni na Aika, na wengi wenu mlikuwemo, msijifanye. Mzee Temu akasimama akasema maneno yake ya kwamba tumeona ua bustanini na kadhalika, akayasema vizuri. Kisha ikafika zamu ya pombe. Kwetu anayeileta ndiye anayetangulia kuionja mbele ya wenyeji, ili wajue hakuna hila. Nikamimina. Nikanywa glasi yote, taratibu, kwa uso uleule ninaotumia nikitajiwa bei. Nikampa Mzee Mmari yake.

Akaipeleka mdomoni, akaishusha. Akanusa. Akamtazama mkewe.

"Mama Godi," akasema, "hii tunainywa au tunajipaka?"

Watu wakaangua kicheko, na Mama Aika akaongeza, "Mimi mniwekee kidogo, nina goti." Mzee Temu akajifanya anatafuta miwani. Godi hakucheka. Alikuwa anatazama zulia.

"Uliomba mkono," nikamwambia mwenyeji. "Umepata mkono."

"Nimepata mkono, na bega, na kiuno." Akaiweka glasi mezani. "Mama Godi, mimi nakuheshimu, kazi yako tunaijua. Lakini nikipokea hii, ndugu zangu Moshi watasema binti yangu aliposwa kwa dawa. Siwezi."

Huko kwetu pombe ikikataliwa, mnaondoka nayo. Mnaweza kurudi, lakini mnarudi mkiwa watu waliokataliwa, na kila kitu kinapanda. Mimi ni mtu wa kupatana bei maisha yangu yote, na hapo sikuwa na neno hata moja la kuuza.

Mzee Temu akakohoa. "Mzee Mmari, pombe ya posa si yako peke yako. Mwenyewe hajaulizwa."

Hilo lilikuwa kweli, na Mzee Mmari alilijua. Ukiacha kuonja, pombe ya posa hainywewi mpaka binti aulizwe, na jibu la binti ndilo linalofunga. Akaita. Aika akatoka jikoni, mikono ina unga. Huyo mtoto aliletwa huku akiwa na miaka minne. Kiswahili anakisikia chote, kujibu anachanganya na Kiingereza.

"Mwanangu," baba yake akasema, "watu hawa wameleta kitu. Pua yangu imekataa. Lakini mwenyewe ni wewe. Onja, utuambie: tunywe au tusinywe?"

Akachukua glasi ya baba yake. Nilitaka kumwambia avute pumzi kwanza. Akanywa. Akanywa tena, mafunda makubwa.

"Dad," akasema, "this is root beer."

"Ni nini?"

"Root beer. Ile ya birthday zangu. With the ice cream." Akamgeukia Godi, macho yamefunguka. "Mama yako alitengeneza root beer yenye pombe? For me?"

Godi, mwanangu niliyemlea nikimwambia aseme kweli, akaniangalia, akamwangalia Aika, akasema, "Yes."

"Umeulizwa kwa Kiswahili," Mzee Mmari akamkumbusha. Sauti yake ilikuwa imepungua unene.

Aika akafuta unga kwenye gauni. Alilitafuta lile neno, akalipata, akalisema polepole ili lisikosewe.

"Tunywe, Baba."

Na akiwa amesema vile, hakuna mhasibu wa kulipinga. Mzee Mmari akachukua glasi, akaangalia dari, akanywa dawa ya kuchua mpaka chini kama mtoto anayemeza klorokwini. "Kwenye harusi," akaniambia akishapata pumzi, "unaleta nyingine. Isiyo na magoti." Nyie mliokuwa jikoni mkatoka na vikombe vya karatasi, mkaimaliza kegi nzima kabla chakula hakijaiva, na mimi nimekaa pale, mtu wa Shirima na Dale, natazama watu wakisifia mpira mchafu.

Basi hiyo ndiyo pombe ya Lakeville mnayoitaka. Hakuna kipimo, hakuna siri. Kuna pua iliyoganda, mume mwenye huruma na pombe, na mipira ambayo ningeibadilisha kwa bei ya soda moja.

Atakayetaka kupika kwa adabu aje, nitamfundisha. Atanunua kegi ya mitumba, ataifungua vichwa vyote viwili, atatoa mipira yote, mikubwa kwa midogo, hata ile inayoonekana mizima, ataweka mipya kabla hajaonja tone. Mimi yangu nimeshaibadilisha. Ale ya wakubwa wa harusi imo kwenye kegi ya kwanza sasa hivi, inanukia shayiri na ulezi na si kitu kingine. Nimenusa jikoni, heater imewashwa.

Kegi ya pili iko tupu, imeoshwa, inasubiri. Jana Aika alinipigia. Akaongea mambo ya keki, ya gauni, ya ukumbi, akauliza kegi ya pili itakuwa na nini, kisha akanyamaza kimya kirefu, kimya changu mwenyewe, sijui ameniibia lini. Nikajikuta nimesema tutaona.

Ile mipira ya zamani sikuitupa. Iko ndani ya kopo la kahawa, mfuniko umekazwa, rafu ya juu besimenti, asipoifikia Baba Godi. Nimeihesabu mara mbili. Imo yote.